Kuuguza Nyumbani Bila Kupoteza Grini Kadi: Mwongozo kwa Wanaokaa Kenya Muda Mrefu

Kwetu Maragoli, na hata Kisumu mjini, kuna imani moja kuhusu grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, ambayo nimeisikia matangani, kanisani na ndani ya matatu: kwamba ukikanyaga kule mara moja kila baada ya miezi sita, ukaazi wako uko salama mpaka kufa. Imani hiyo imewagharimu wazee wetu. Nawaandikia wale waliopigiwa simu usiku kwamba mama ameanguka, au waliofiwa na kuna mirathi ya kufuatilia kortini, au wanaotaka watoto wao wasome huku kwa muda, na wanajua wazi kwamba safari hii si ya Krismasi.

Mimi ni muuguzi msaidizi, naishi Brooklyn Park, Minnesota, mji wenye Wakenya wengi. Kadi niliipata kupitia bahati nasibu ya viza. Mama yangu alipopatwa na kiharusi nilirudi Vihiga, nikamuuguza zaidi ya mwaka mmoja mpaka akaweza kushika kijiko mwenyewe, kisha nikarejea kazini kwangu kadi ikiwa hai. Hapakuwa na muujiza wowote. Kulikuwa na kalenda, kibali kilichoombwa mapema, na faili. Nitaeleza hayo, pamoja na mengine niliyojifunza nikiwasaidia jamaa na waumini wenzangu kujaza fomu. Mimi si wakili. Jambo lenye utata, hasa likiwa na kesi ya jinai ndani yake, lipeleke kwa wakili wa uhamiaji kabla hujakata tiketi.

Kalenda kwanza

Weka alama siku unayoondoka Marekani, kisha hesabu kwenda mbele. Chini ya siku 180 mfululizo, sheria kwa kawaida inakuchukulia kama mtu aliyetoka kwake akarudi kwake. Ukipitisha siku 180, unahesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na afisa anaweza kufukua mambo ambayo huenda safari fupi isingeyafikia. Ukifikisha mwaka mmoja, kadi inakoma kuwa hati ya kuingilia nchini, hata kama tarehe iliyochapishwa juu yake bado iko mbele sana. Wengi huisoma tarehe hiyo wakadhani ndiyo ruhusa ya kukaa nje. Tarehe ile ni ya kipande cha plastiki, ambacho huhuishwa kila baada ya miaka 10. Ukaazi wenyewe una hesabu yake.

Na kubaki ndani ya siku 180 pekee hakutoshi. Hapa ndipo imani ya miezi sita inapovunjika. Sheria inauliza makao yako yako wapi, na kama safari uliyofanya ilikuwa ya muda. Mwaka 1988 bodi ya rufaa za uhamiaji ya Marekani iliamua kesi inayojulikana kama Matter of Huang. Mama mmoja mwenye kadi aliishi Japani na mumewe, ambaye masomo na kazi vilimweka huko, naye akawa anarudi Marekani kwa ziara fupi fupi. Bodi ilisema amekwisha kuuacha ukaazi wake. Tangu hapo hoja ni zile zile: ulikwenda kwa sababu gani, je, safari ilikuwa na mwisho unaoonekana, na je, nia yako ya kurudi kuishi kule iliendelea muda wote ulipokuwa nje. Mtu anayekaa Kakamega wiki 50 na Dallas wiki mbili kila mwaka ni mgeni wa Dallas, na afisa ataliona hilo kwenye mihuri ya pasipoti kabla hajamuuliza neno.

Nia haionekani kwa macho. Inaonekana kwa karatasi. Ukilishika hilo, mengine yote ni kazi ya mikono.

Kibali cha kurudi

Ukijua, au hata ukishuku tu, kwamba utakaa mwaka mmoja au zaidi, omba kibali cha kurudi kabla hujaondoka. Fomu yake ni I-131, na inapatikana bure kwenye tovuti ya USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji. Ada hubadilika, kwa hiyo itazame hapo hapo siku unayotuma. Kibali ni kijitabu kinachofanana na pasipoti, na kwa kawaida hudumu miaka 2 tangu kitolewe. Ukiwa nacho unaweza kurudi baada ya mwaka kupita bila kuomba viza mpya, na urefu wa safari peke yake hauwezi kushikiliwa kuwa ushahidi kwamba umehama.

Kuna sharti moja lisilopindika: lazima uwe ndani ya Marekani siku ombi linapowasilishwa. Nalirudia kwa sababu ya watu wanaojiita mawakala, wenye vioski na mihuri yao, wanaowaambia wazee wetu kwamba watawaombea kibali hicho wakiwa hapa hapa Kondele au Mbale. Hakuna njia hiyo. Anayekutoza pesa kwa kazi hiyo anakuibia, na mbaya zaidi anakupotezea miezi ambayo ungeitumia kurudi kabla mwaka haujatimia.

Baada ya kutuma, barua ya miadi ya alama za vidole huja kwa posta, mara nyingi baada ya wiki kadhaa. Kaa uisubiri ikiwezekana, maana ukiikosa miadi hiyo ombi linaweza kukataliwa. Najua ni vigumu. Mimi nilikuwa na mama amelazwa, simu inalia kila saa, na dada yangu wa Kisumu ndiye aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda chake huku nikisubiri barua. Kilichosaidia ni kwamba USCIS hupokea maombi ya kuharakishwa kwa sababu za dharura za kibinadamu, nami niliambatisha barua ya hospitali kutoka Kenya. Mwombe daktari barua hiyo siku ile ile mgonjwa anapolazwa, mtu aipige picha na kukutumia. Ukishatoa alama za vidole, unaweza kusafiri kabla kibali hakijatoka. Kwenye fomu unaweza kuchagua kipelekwe kwenye ubalozi wa Marekani ulio nje. Mimi nilichagua kifike nyumbani kwa kaka yangu, naye akampa mtu aliyekuwa anakuja mazishini Luanda, ile ya Vihiga, akaniletea.

Kijitabu hicho hakiongezwi muda. Ukitaka kingine, urudi Marekani kabla hakijaisha, ukaombe upya ukiwa kule. Na ukiwa umekaa nje zaidi ya miaka 4 kati ya 5 iliyopita tangu upate ukaazi, utakachopewa kwa kawaida ni cha mwaka 1 tu. Wenye kadi ya masharti, ile ya miaka 2 inayotokana na ndoa changa, wajue kwamba kibali hakipiti tarehe ya mwisho ya masharti yao, na kwamba ombi la kuondoa masharti, fomu I-751, wanalolituma wakiwa na mwenzao hutakiwa ndani ya siku 90 kabla ya tarehe hiyo popote watakapokuwa.

Wala kibali si kinga ya kila kitu. Mtu mwenye kibali aliyeuza nyumba yake kule, akafunga akaunti, akaajiriwa na serikali ya kaunti huku, bado anaweza kuambiwa amehama.

Faili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi hushinda au hushindwa.

Nilinunua faili kubwa la plastiki kwenye duka la vifaa vya ofisi Oginga Odinga Street, Kisumu, nikaligawa pande mbili. Upande mmoja nikaandika "Kule", wa pili "Huku". Kila karatasi iliyopita mikononi mwangu muda wote nilipokuwa Vihiga iliingia upande mmoja au mwingine siku hiyo hiyo.

Upande wa "Kule" unaonyesha kwamba maisha yako yanakungoja. Mkataba wa nyumba au karatasi za mkopo wa nyumba. Ukiwa umeiacha nyumba ya kupanga ili kuokoa pesa, jambo ambalo ni la busara kabisa, basi weka risiti za stoo uliyokodi kuhifadhi vitu vyako na barua ya ndugu anayekupa chumba na anwani. Taarifa za benki zinazoonyesha akaunti inatumika. Leseni ya udereva ambayo haijaisha, bima ya gari. Barua ya mwajiri, na hii ina uzito mkubwa: mimi nilimwomba msimamizi wangu barua inayosema nimepewa likizo bila malipo, inaanza lini, na kwamba nafasi yangu itazingatiwa nikirudi. Usijiuzulu kwa simu ukiwa uwanja wa ndege. Omba likizo kwa maandishi, hata kama unaamini watakataa, kwa sababu nakala ya ombi lako nayo ni ushahidi wa nia. Ukibadilisha anwani kule, ijulishe USCIS kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10.

Upande wa "Huku" unaeleza kwa nini uko Kenya na, jambo ambalo watu husahau, utamaliza lini. Barua ya kwanza ya daktari niliyopewa ilisema tu kwamba mgonjwa ana kiharusi na anatibiwa. Barua kama hiyo haina faida. Nilirudi kwa daktari, nikamweleza itakakokwenda, naye bila kinyongo akaandika nyingine: mgonjwa alilazwa tarehe fulani, upande wa kulia umepooza, hawezi kujilisha wala kujigeuza bila msaada, anahitaji mtu wa kumhudumia usiku na mchana, mazoezi ya viungo yataendelea kwa muda fulani, kisha hali yake itapimwa upya. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba barua nzima, kwa sababu imeipa safari yangu mwisho. Mhuri wa hospitali, sahihi, jina na namba ya usajili ya daktari vyote viwepo.

Baada ya hapo weka kadi za kliniki za mazoezi, risiti za dawa, na mpango wa familia wa nani atachukua zamu ukiondoka. Sisi tuliuandika mpango huo kwenye karatasi moja, ndugu wote wakatia sahihi na chifu akapiga mhuri: mimi mpaka mama atakapoweza kukaa na kula mwenyewe, kisha dada wa Kisumu amchukue. Afisa akikuuliza nani yuko na mama sasa, una jibu na una karatasi.

Waliofiwa wana kesi yenye nguvu kuliko wanavyodhani. Hifadhi cheti cha kifo, programu ya mazishi, na kama ni mirathi, karatasi zote za korti. Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura 160, ina ratiba ambayo huwezi kuikimbiza: ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na wenye pingamizi hupewa siku 30, na hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida miezi 6 hupita kabla ya kuthibitishwa ili mali igawanywe. Mjane au mwana mkubwa anayetakiwa kortini Kakamega akiwa na tarehe zilizogongwa mhuri ana sababu ya safari yake na mwisho wake kwenye karatasi moja. Nimewaona watu wakijieleza kwa machozi mbele ya afisa huku karatasi hizo zimebaki kabatini nyumbani.

Uwanja wa ndege

Maswali huwa ya kawaida. Umekuwa nje muda gani? Ulikuwa unafanya nini? Unaishi wapi? Unafanya kazi gani? Jibu kwa ufupi na kwa ukweli, usianze hadithi ya ukoo. Mimi nilisema, "Nilikuwa namuuguza mama yangu aliyepata kiharusi. Narudi kazini kwangu Minnesota. Hiki hapa kibali changu, na barua ya daktari iko hapa." Faili lilikuwa kwenye mkoba wa mkononi. Faili likienda kwenye sanduku chini ya ndege halikusaidii kitu.

Kuna mzee mmoja wa kanisa letu aliyefika uwanja mmoja wa kule akiwa amechoka, Kiingereza kinamponyoka, akapelekwa chumba cha mahojiano ya pili. Akaletewa fomu I-407, akatia sahihi akidhani ni ya mizigo. Fomu hiyo ni tamko kwamba unaurudisha ukaazi wako kwa hiari yako. Tafadhali, wasomee wazazi wenu herufi na namba hizo mpaka wazikariri: I-407. Neno "hiari" maana yake ni kwamba hulazimiki kuisaini. Omba mkalimani wa Kiswahili. Sema kwa adabu, "Sikubali kusaini, naomba kusikilizwa na jaji wa uhamiaji." Wakikushikilia kwamba umeuacha ukaazi, njia ya kawaida ya sheria ni kukupa barua ya kufika mbele ya jaji, na kule serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, tena kwa ushahidi mzito. Mpaka jaji aamue, wewe bado ni mkaazi wa kudumu. Kinachokungoja kortini si kitu chepesi na wakili ni lazima, lakini mlango haujafungwa. Kwa sahihi yako wewe mwenyewe ndiye unayeufunga.

Nina neno kwa watoto waliowaombea wazazi wao kadi. Kama mzee moyo wake uko kwenye ng'ombe wake Bungoma, na baridi ya Januari kule inamtesa, msimrushe angani kila mwaka kwa ajili ya kadi asiyoitaka. Kaeni naye muulizane. Akiamua anaishi nyumbani, I-407 inaweza kujazwa kwa utulivu akiwa Kenya, kisha aombe viza ya kutembea akiwa mtu aliyesema ukweli. Na mtoto ambaye ni raia wa Marekani mwenye umri wa miaka 21 au zaidi anaweza kumwombea mzazi ukaazi upya siku mambo yakibadilika.

Ukiwa umeshapitisha mwaka bila kibali

Usikate tiketi ukitumaini huruma, maana huenda shirika la ndege lisikupandishe kabisa. Njia iliyopo ni viza ya mkaazi anayerudi, iitwayo SB-1, inayoombwa kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi, ule ulioko Gigiri. Unaanza na fomu DS-117, ukionyesha mambo matatu: ulikuwa mkaazi halali ulipoondoka, uliondoka ukiwa na nia ya kurudi na nia hiyo haikukatika, na kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako. Wakikubali, hatua zinazofuata ni kama za mhamiaji mpya: fomu nyingine, uchunguzi wa afya, mahojiano. Anza angalau miezi 3 kabla ya wakati unaotaka kusafiri.

Sharti la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Chukua wakati wa korona. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi 2020 na kuzifungua tena tarehe 1 Agosti 2020. Aliyenaswa Kisumu miezi hiyo alikuwa na sababu ambayo hakuna anayeweza kuipinga. Lakini aliyeendelea kukaa mpaka 2022 alitakiwa kueleza kila kipindi kilichofuata, na korona peke yake haikuujaza mwanya huo. Ugonjwa wako mwenyewe, au mgonjwa uliyekuwa mlezi wake wa pekee, huwa na uzito. Ujenzi wa nyumba au biashara ya kuku haina.

Aliyepoteza kadi au kuibiwa akiwa huku, na hajafikisha mwaka nje, ana njia nyepesi zaidi. Ni fomu I-131A, unalipa mtandaoni kisha unakwenda ubalozini upewe hati ya kupandia ndege. Na kama kadi yako ya miaka 10 imeisha muda tu, na hujafikisha mwaka nje, ukaazi wako haujafa. Mashirika ya ndege yanaruhusiwa kukubeba, ingawa mhudumu wa kaunta huenda akahitaji kumwita mkubwa wake, kwa hiyo fika mapema. Unayejiandaa kusafiri, ihuishe kwa fomu I-90 kabla ya kuondoka. Risiti yake huongeza uhai wa kadi kwa miezi 36, ukiibeba pamoja na kadi ya zamani.

Watoto

Wazazi wengi wa kwetu huwaleta watoto shule za bweni huku, wajifunze heshima na lugha ya bibi yao. Sina ubishi na hilo, ila kama mtoto ana kadi na si raia, mambo yote niliyoyasema hapo juu yanamhusu. Mtoto mdogo huhesabiwa kwa nia ya wazazi wake. Mzazi aliye Marekani akifanya kazi, huku mtoto akisoma kwa muda unaojulikana, ana hoja. Mwombee kibali chake mwenyewe kabla hajaondoka, cha mama hakimfuniki. Akitimiza miaka 14 akiwa Kenya, kadi yake inatakiwa kubadilishwa ndani ya siku 30 tangu arudi. Kwanza lakini hakikisha kama hajawa raia tayari: mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi Marekani na mzazi raia anayemlea kisheria, huwa raia moja kwa moja, na pasipoti ya Marekani inamaliza wasiwasi wote huu.

Mama mwenye kadi akijifungua akiwa Kenya kwa ziara ya muda asife moyo. Mtoto huyo anaweza kuingia Marekani bila viza ya uhamiaji, mradi hajatimiza miaka 2 na anasafiri na mzazi wake mkaazi katika safari ya kwanza ya mzazi huyo kurudi baada ya uzazi. Ukienda mwenyewe kwanza ukamwacha mtoto kwa bibi, nafasi hiyo imepotea, na itakubidi umwombee kwa foleni. Beba cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi na pasipoti ya mtoto, na wasiliana na shirika la ndege mapema.

Kodi

Mwenye kadi hutoa ritani za kodi za Marekani kama mkaazi, fomu 1040, popote alipo duniani, na hutaja mapato yake yote, ikiwemo pesa anazolipwa na wapangaji wa vyumba vyake Mamboleo. Usijaze 1040-NR, ile ya asiye mkaazi, hata mtu akikuambia utalipa kidogo. Kuijaza ni kusema kwa maandishi kwamba hukai Marekani, na karatasi hiyo itakuja kusomwa mbele yako. Akaunti zako za nje ya Marekani zikijumlishwa na kupita dola 10,000 hata siku moja katika mwaka, zinatakiwa kutajwa kwenye fomu inayoitwa FBAR. Nakala za ritani zote ziende upande wa "Kule".

Uraia

Kibali cha kurudi kinalinda ukaazi. Hakilindi hesabu ya uraia, na watu huchanganya hizi mbili. Kwa kawaida unahitaji miaka 5 ya ukaazi mfululizo, au 3 ukiwa unaishi na mume au mke ambaye ni raia, na uwe umekuwepo nchini kwa mwili angalau nusu ya muda huo, yaani miezi 30 au 18. Safari ya zaidi ya miezi 6 inaleta dhana kwamba mfululizo umekatika, nawe ndiye wa kuipinga kwa faili lako. Safari ya mwaka mmoja au zaidi inaukata, hata ukiwa na kibali mkononi. Hesabu haianzi sifuri kabisa: aliye kwenye utaratibu wa miaka 5 anaweza kuomba baada ya miaka 4 na siku 1 tangu arudi, na wa miaka 3 baada ya miaka 2 na siku 1. Wachache walioajiriwa nje na serikali ya Marekani, kampuni fulani za Kimarekani au taasisi za utafiti zinazotambuliwa wanaweza kuulinda mfululizo wao kwa fomu N-470, wakiwa wamekaa kwanza Marekani mwaka mmoja bila kutoka tangu wapate kadi.

Ushauri wangu kwa kila mwenye mzazi anayezeeka huku ni kuomba uraia mara tu hesabu inapotimia, maana raia anaweza kuuguza nyumbani miaka mitano bila kumweleza mtu. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki Mkenya akichukua uraia mwingine, kwa hiyo shamba la baba na kitambulisho havipotei. Na kwa wazee wanaoogopa mtihani wa Kiingereza: aliyefikisha miaka 50 na ameshika ukaazi kwa miaka 20, au miaka 55 na ukaazi wa miaka 15, anasamehewa Kiingereza. Maswali ya historia na serikali ataulizwa kwa lugha yake, akiwa na mkalimani aliyekwenda naye. Kiswahili kinakubalika, na Kimaragoli pia ukimpata wa kukifasiri.